Kayibanda: Kutoka saini tisa hadi mtu mmoja

KAKIIKA, Mbarara – Hapa Kakiika, pembezoni mwa jiji la Mbarara, si ajabu kumsikia mtu akianza maneno yake kwa Kinyankole, akayaendeleza kwa Kiswahili na kuyamalizia kwa Kinyarwanda. Barabara kuu inayotoka Kampala kupitia Masaka inapita huku, na kusini-mashariki, ndani ya Wilaya ya Isingiro, ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo.

Leo Nakivale inahifadhi watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba makazi haya ni matokeo ya vita vya miaka ya karibuni. Sivyo. Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, miaka miwili kabla Uganda yenyewe haijapata uhuru, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliovuka mpaka na mifugo yao, watoto wao na matumaini kwamba wangerudi nyumbani baada ya miezi michache.

Hawakurudi baada ya miezi michache. Wengi hawakurudi kabisa. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuifuatilia habari ya mtu ambaye hakuwahi kuwa mkimbizi, lakini ambaye jina lake limefungamana na safari yao: Grégoire Kayibanda, rais aliyeiongoza Rwanda tangu uhuru mwaka 1962 hadi alipopinduliwa mwaka 1973.

Kayibanda hukumbukwa zaidi kama kiongozi wa siasa za ukabila, na hilo ni kweli. Lakini maisha yake yana somo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linagusa kila nchi ya ukanda huu iliyowahi kuwa na chama kimoja. Ni somo la jinsi kundi la watu walioanza pamoja lilivyogeuka kuwa kundi la mtu mmoja, na jinsi mtu huyo alivyobaki bila wa kumtetea siku askari walipobisha hodi.

Seminari, darasa na gazeti

Kayibanda alizaliwa mwaka 1924, Rwanda ikiwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Wabelgiji waliitawala nchi kupitia mfalme, aliyeitwa mwami, na machifu ambao karibu wote walikuwa Watutsi. Walizikuta tofauti za kijamii, wakazifanya kuwa ngumu kama jiwe. Katika miaka ya 1930 kila Mnyarwanda aliandikishwa na kupewa kitambulisho kilichotaja kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa kijana wa Kihutu, milango ya uchifu na ya ofisi za serikali ilikuwa imefungwa. Mlango mmoja ulikuwa wazi, nao ni kanisa.

Akaupitia huo. Alisoma katika seminari ndogo ya Kabgayi, kisha seminari kuu ya Nyakibanda, lakini hakufikia upadri. Aliacha masomo hayo na kuwa mwalimu mjini Kigali. Kutoka ualimu aliingia uandishi wa habari, na katikati ya miaka ya 1950 alikuwa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kikatoliki la lugha ya Kinyarwanda lililoanzishwa mwaka 1933. Wakati huo huo alishika nafasi ya uongozi katika Trafipro, ushirika uliokuwa na makao yake Kabgayi, na alikuwa karibu na Askofu André Perraudin, Mswisi aliyeongoza jimbo la Kabgayi tangu 1956.

Tuyatazame mambo hayo matatu kwa pamoja, maana ndiyo yaliyomjenga. Gazeti lilimfikisha kwa kila mtu aliyejua kusoma. Ushirika ulimkutanisha na wakulima. Kanisa lilimpa ulinzi ambao hakuna Mhutu mwingine wa rika lake aliyekuwa nao. Kabla hajaunda chama, alikuwa tayari na mtandao wa walimu, makatekista, makarani na wanaushirika nchi nzima.

Majina tisa

Machi 24, 1957, kundi la wasomi wa Kihutu lilitoa waraka uliokuja kujulikana kama Ilani ya Wahutu. Waraka huo ulilalamikia kutawaliwa kwa Wahutu, walio wengi, na Watutsi wachache, katika siasa, uchumi na elimu. Ulidai mageuzi. Lakini pia ulilisimamisha tatizo la Rwanda juu ya msingi wa kabila, na ulitaka vitambulisho viendelee kutaja kabila la mtu. Mbegu hiyo ilizaa matunda machungu baadaye.

Kwa habari yetu ya leo, jambo la kuangaliwa ni jingine. Chini ya waraka huo kulikuwa na majina tisa. La Kayibanda lilikuwa mojawapo, likiwa pamoja na la Joseph Habyarimana Gitera, Calliope Mulindahabi, Maximilien Niyonzima na wengineo. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa wenzake. Walikuwa rika moja, waliosoma shule zinazofanana, waliofahamiana, na ambao kila mmoja alikuwa na eneo lake na wafuasi wake.

Miezi michache baadaye Kayibanda alianzisha vuguvugu la kijamii la Wahutu. Gitera naye aliunda chama chake, Aprosoma, chenye nguvu upande wa kusini. Oktoba 1959 vuguvugu la Kayibanda likageuzwa kuwa chama cha siasa, Parmehutu. Nguvu ya Kayibanda ilikuwa Gitarama, katikati ya nchi, karibu na Kabgayi. Kaskazini, huko Ruhengeri na Gisenyi, chama kiliwategemea wanasiasa wa huko, watu kama Balthazar Bicamumpaka, waliokuwa na historia yao na malalamiko yao. Kwa hiyo tangu mwanzo Parmehutu haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa muungano wa mikoa.

Wakati huo nchi ilikuwa inatokota. Mwami Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla mjini Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, Julai 1959. Novemba 1 mwaka huo, Dominique Mbonyumutwa, chifu mdogo wa Kihutu na mwanachama wa Parmehutu, alishambuliwa na vijana wa chama cha UNAR kilichomuunga mkono mfalme. Uvumi ukaenea kwamba ameuawa, ingawa alikuwa hai. Nyumba za Watutsi zikaanza kuchomwa moto kuanzia Gitarama hadi kaskazini, na wafuasi wa UNAR nao wakawaua baadhi ya viongozi wa Kihutu. Ubelgiji ilimleta Kanali Guy Logiest kutoka Kongo, naye akaegemea wazi upande wa Wahutu na kuwaondoa machifu wengi wa Kitutsi.

Hapo ndipo safari ya Nakivale ilipoanza. Maelfu walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Walioingia Uganda walipitia Kigezi na Ankole, ambako Mbarara ndio ulikuwa mji mkuu.

Gitarama, Januari 1961

Katika uchaguzi wa komini wa Juni na Julai 1960, Parmehutu ilipata sehemu kubwa ya viti. Oktoba mwaka huo Kayibanda akawa waziri mkuu wa serikali ya muda. Januari 28, 1961, wakuu wa komini na madiwani zaidi ya 3,000 walikusanyika Gitarama na kutangaza kwamba ufalme umekwisha na kwamba Rwanda ni jamhuri.

Siku hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi uongozi wa pamoja ulivyokuwa. Rais aliyetangazwa hakuwa Kayibanda. Alikuwa Mbonyumutwa. Gitera, wa chama kingine, alipewa uspika wa baraza. Kayibanda alibaki waziri mkuu. Madaraka yaligawanywa kwa watu watatu wenye wafuasi tofauti, na hakuna ambaye angeweza kuendesha nchi bila wenzake.

Mgawanyo huo haukudumu hata mwaka. Septemba 25, 1961, wananchi walipiga kura chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Ufalme ulikataliwa kwa kura nyingi, na Parmehutu ilipata viti 35 kati ya 44 vya bunge. UNAR ilipata saba na Aprosoma viwili. Mwezi uliofuata bunge lilimchagua Kayibanda kuwa rais, na nafasi ya waziri mkuu haikuendelea kuwepo. Julai 1, 1962 Rwanda ikawa huru, naye akiwa na umri wa miaka 38.

Hata hivyo bado ilikuwa nchi ya vyama vingi. UNAR ilikuwa na wabunge, na kwa muda ilikuwa pia na mawaziri. Kungeweza kutokea jambo jingine kuliko lililotokea.

Jinsi chama kilivyobaki peke yake

Kilichofunga mlango huo ni vita. Baadhi ya wakimbizi waliunda vikundi vyenye silaha vilivyoishambulia Rwanda kutoka nchi jirani. Serikali iliwaita inyenzi, yaani mende. Desemba 21, 1963, kundi lililotoka Burundi liliingia Bugesera na kusonga mbele kuelekea Kigali kabla ya kuzuiwa karibu na mto Nyabarongo.

Jibu la serikali halikuishia kwa washambuliaji. Viongozi wa UNAR na wa chama cha RADER waliokuwa ndani ya nchi, watu waliokubali kufanya siasa chini ya jamhuri, walikamatwa, wakapelekwa Ruhengeri na kuuawa bila kesi. Miongoni mwao walikuwa Michel Rwagasana wa UNAR na Prosper Bwanakweli wa RADER. Mawaziri walitumwa mikoani kuandaa kile kilichoitwa ulinzi wa wananchi. Katika mkoa wa Gikongoro, na kwingineko pia, Watutsi wa kawaida waliuawa kwa maelfu, wakiwamo wanawake na watoto ambao hawakujua lolote kuhusu shambulio la Bugesera. Wimbi jipya la wakimbizi likavuka mipaka, na makazi ya Ankole yakazidi kujaa.

Baada ya hapo upinzani haukuwepo tena. Aprosoma ya Gitera nayo ilikuwa imefifia. Katika uchaguzi wa Oktoba 1965 Parmehutu ilisimama peke yake, ikachukua viti vyote 47 vya bunge, na Kayibanda akawa mgombea urais pekee. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1969.

Rwanda haikuwa peke yake katika njia hiyo. Tanzania iliandika mfumo wa chama kimoja katika katiba ya mwaka 1965, ingawa ndani ya TANU wapiga kura waliweza kuwaangusha hata mawaziri. Hapa Uganda, Milton Obote aliwakamata mawaziri wake watano katika kikao cha baraza mwezi Februari 1966, akiwemo Grace Ibingira wa Ankole, katibu mkuu wa chama chake mwenyewe cha UPC. Burundi ilipinduliwa na Micombero mwaka huo huo. Mobutu alianzisha MPR mwaka 1967. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, lakini mwelekeo ulifanana.

Kupungua kwa meza

Wengi waliokuwa ndani ya Parmehutu waliuona mwaka 1965 kama ushindi wao wote. Adui ameondoka, chama kimebaki, na chama ni sisi. Hawakuona kwamba pamoja na upinzani waliondoa pia kitu kilichowalinda wao. Kulipokuwa na vyama vingine, Kayibanda aliwahitaji watu wa kaskazini ili wampe kura, na aliwahitaji wa kusini wasiende kwa Gitera. Vyama vingine vilipokwisha, hakuwahitaji tena kwa namna ile. Mbunge aliyekasirika hakuwa na mahali pa kwenda. Kufukuzwa chamani kukawa ndiyo mwisho wa maisha ya siasa.

Kuelekea mwaka 1968 mvutano ndani ya chama na bunge ulijitokeza wazi. Wabunge walijaribu kuikosoa serikali kuhusu namna ilivyoendeshwa. Upande wa rais ulishinda, na wakosoaji wakaadhibiwa na chama, wengine kwa kusimamishwa au kufukuzwa. Kila mara hatua ilichukuliwa kwa jina la chama, katika vikao, kwa kufuata taratibu. Kila mara walioketi mezani walikuwa wachache kuliko mara iliyotangulia.

Waliomwandika Kayibanda wanamwelezea kama mtu asiyependa makuu. Hakujenga majumba ya fahari na hakujulikana kwa anasa. Aliishi maisha ya kawaida kwa rais, alishika dini yake, na alisema kidogo. Sifa hizo zilimsaidia mwanzoni, kwa kuwa zilimtofautisha na ufahari wa ikulu ya mwami. Lakini ukimya huo huo, kadiri miaka ilivyokwenda, ulimfanya asifikike. Maamuzi yalitoka kwake bila watu kujua yamejadiliwa wapi. Waliofika kwake walikuwa watu wa Gitarama, mkoa wake. Rwanda ilikuwa na mikoa kumi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gitarama ilikuwa na mawaziri wengi kuliko mkoa mwingine wowote. Jamhuri iliyoanzishwa kwa kumwondoa mfalme ilianza kufanana na baraza la mfalme, isipokuwa ngoma.

Kwa hiyo si kweli kwamba siku moja Kayibanda aliamka na kuamua kuwa mtawala wa peke yake. Hakuna amri iliyotangaza jambo hilo, wala hakuna katiba iliyolisema waziwazi. Lilikuja kidogo kidogo, na walioliwezesha ni wenzake waliopiga kura ya kumwondoa mmoja leo, wakidhani kesho haitakuwa zamu yao. Waswahili wana msemo: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Eneo moja tu lilibaki mikononi mwa watu wa kaskazini, nalo ni jeshi. Juvénal Habyarimana, ofisa kutoka Gisenyi ambaye hana undugu na Gitera licha ya kufanana jina, aliongoza jeshi tangu 1963 na kuwa waziri anayelisimamia tangu 1965. Rais aliyewapunguza wanasiasa wa kaskazini aliwaachia watu wa kaskazini bunduki.

Mwaka wa mwisho

Mwaka 1972 Burundi, chini ya utawala wa Micombero, ilishuhudia mauaji makubwa ya Wahutu, hasa waliosoma. Maelfu waliokimbilia Rwanda walikuja na habari zao, na hasira ikapanda. Mapema mwaka 1973 orodha za majina ya Watutsi zilianza kubandikwa katika shule za sekondari, katika chuo kikuu cha Butare, kisha katika ofisi na makampuni. Wanafunzi na wafanyakazi wakafukuzwa na nyumba zikachomwa. Kwa mara nyingine watu wakavuka mpaka kuja Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Idi Amin.

Utawala uliokwisha wafuasi ulikuwa umegeukia tena ile dawa ya zamani ya kuwaunganisha Wahutu dhidi ya Watutsi. Safari hii dawa haikufanya kazi. Vurugu zilizoanza kwa kuwalenga Watutsi ziligeuka kuwa ugomvi wa watu wa kaskazini na watu wa katikati, wengine wakiwaandama matajiri na wanasiasa. Katikati ya hayo, Mei 1973, katiba ilirekebishwa kwa namna iliyomwezesha Kayibanda kuendelea kugombea. Kwa waliokuwa bado wanasubiri zamu yao kwa subira, huo ulikuwa ujumbe wa kutosha.

Usiku wa kuamkia Julai 5, 1973 Habyarimana alichukua madaraka. Mapinduzi yenyewe hayakumwaga damu nyingi siku hiyo. Parmehutu, chama kilichokuwa kila mahali, hakikutoa hata maandamano ya kumtetea kiongozi wake. Wangetoka wapi? Waasisi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, kunyamazishwa au kukatishwa tamaa, na wananchi walikuwa wamezoea kupiga kura yenye jina moja.

Mwaka 1974 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kayibanda kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Aliwekwa kizuizini nyumbani, akafariki Desemba 1976 akiwa na miaka 52. Wanyarwanda wengi huamini kwamba aliachwa afe kwa njaa. Wenzake wa utawala ule, zaidi ya watu 50, wengi wao kutoka Gitarama, walifia gerezani Ruhengeri na kwingineko kati ya mwaka 1974 na 1977. Ruhengeri ndiko walikouawa viongozi wa UNAR na RADER miaka kumi kabla, na wengi wa hao waliofia huko walikuwa madarakani wakati ule.

Maofisa kumi na mmoja

Mtu angetarajia kwamba waliompindua wangejifunza. Mapinduzi ya 1973 yalitangazwa kwa jina la kamati ya amani na umoja wa kitaifa, yenye maofisa 11. Kwa mara nyingine Rwanda ilikuwa na uongozi wa pamoja, angalau kwenye karatasi. Miaka miwili baadaye, Julai 1975, Habyarimana aliunda chama chake, MRND, na katiba ya mwaka 1978 ikakifanya kuwa chama pekee, ambacho kila raia alikuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa.

Maofisa 11 wakapungua kama majina tisa yalivyopungua. Alexis Kanyarengwe, mmoja wao, alikimbilia Tanzania mwaka 1980. Théoneste Lizinde, aliyekuwa mkuu wa usalama, alifungwa, na mwaka 1985 akashtakiwa kwa vifo vya wafungwa wa utawala wa Kayibanda. Vifo vile vilipofikishwa mahakamani hatimaye, ilikuwa ni kwa sababu mtuhumiwa amegombana na rais.

Na wale wa Nakivale? Miaka yote hiyo, chini ya Kayibanda na chini ya Habyarimana, jibu kuhusu kurejea kwao lilibaki kuwa hapana, au si sasa. Mwaka 1982 hali yao ilizidi kuwa mbaya hapa hapa. Oktoba ya mwaka huo, katika Wilaya ya Mbarara, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi vijijini, baadhi yao kwa miaka mingi, walifukuzwa kwenye mashamba na nyumba zao. Wengi walisukumwa kurudi katika makazi ya Nakivale na Oruchinga, na wengine wakaelekea mpaka wa Rwanda. Watoto waliokulia katika makazi kama haya ndio waliokuja kuunda RPF mwaka 1987, na Oktoba 1, 1990 wakaingia Rwanda kwa silaha kupitia Kagitumba. Mwenyekiti wa RPF katika miaka ya vita hivyo alikuwa Kanyarengwe, ofisa yule yule wa mapinduzi ya 1973. Yaliyofuata, hadi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kila msomaji wa ukanda huu anayajua.

Kinachobaki

Si haki kumbebesha Kayibanda peke yake mzigo wote wa historia ya Rwanda. Wabelgiji walichora mistari ya kikabila kabla yake, na waliokuja baada yake walifanya makubwa zaidi. Wala si haki kuwasifu wale tisa wa 1957 kana kwamba uongozi wao wa pamoja ulikuwa wa wote. Ulikuwa wa pamoja kwa baadhi tu, na Mtutsi hakuwa na kiti mezani.

Pengine ndipo kosa lilipoanzia. Kundi lililokubaliana kwamba baadhi ya raia si wenzao lilikuwa limekwisha kubali kanuni kwamba mtu anaweza kuondolewa kwa sababu ya alivyo au anakotoka. Kwanza kanuni hiyo ilitumika kwa Watutsi, kisha kwa vyama vingine, kisha kwa watu wa mkoa mwingine, na mwisho kwa kila mtu isipokuwa rais. Julai 1973 ikatumika kwake yeye mwenyewe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi zilizopitia njia hiyo kwa viwango tofauti, na katiba zake nyingi sasa zinaruhusu vyama vingi. Lakini ukubwa wa meza ya uongozi haupimwi kwa idadi ya vyama vilivyosajiliwa. Unapimwa kwa kujua kama aliye mezani anaweza kusema hapana leo na bado akawa na kiti kesho, na kama aliyeshindwa anaweza kulala nyumbani kwake.

Pale jibu linapokuwa hapana, watu wa Isingiro na Mbarara huwa miongoni mwa wa kwanza kujua, kabla hata wanadiplomasia hawajakutana. Hujua kwa sababu mabasi na malori huanza kufika, na Nakivale hupima viwanja vipya kando ya ziwa, kama ilivyofanya kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka sitini iliyopita.